Namna ya Kusoma Sayansi za Mwili wa Binadamu katika Shahada ya Kwanza

Anayeanza shahada ya kwanza katika fani hii hukutana kwa mpigo na anatomia, fiziolojia, biokemia, jenetiki na elimu ya seli, kila somo likiwa na mhadhiri wake na msamiati wake. Kwa kuwa majina ni mengi na mtihani hauko mbali, wengi huamua kukariri kila kitu, moja baada ya jingine, na huchoka mapema. Ninachosisitiza ni kufuata mnyororo wa sababu: jambo gani husababisha lipi, kwa kiasi gani, na nini kitatokea endapo mnyororo huo utakatika mahali fulani.

Chukua figo. Kwa mtu mzima mwenye afya, takriban mililita 125 za majimaji huchujwa kutoka kwenye damu kila dakika. Zidisha kwa dakika 1,440 za siku nzima, utapata lita 180, ilhali mkojo wa siku ni kama lita moja na nusu tu. Usifungue ukurasa unaofuata kabla hujaitafakari tofauti hiyo. Zaidi ya asilimia 99 ya maji yaliyochujwa yamerudi katika damu. Yamerudi kupitia sehemu gani ya nefroni, yaani kitengo kidogo cha figo kinachochuja damu na kutengeneza mkojo, na kwa nguvu gani, ikiwa mwili hauna pampu ya kusukuma maji yenyewe kutoka seli moja hadi nyingine? Ukifuatilia utakuta kwamba pampu ya sodiamu na potasiamu, iliyo kwenye utando wa seli za mirija ya nefroni, hutumia nishati ya ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli) kuitoa sodiamu ndani ya seli, kwamba sodiamu iliyomo katika mrija huingia kuziba pengo hilo, na kwamba maji huifuata kwa osmosisi, yaani kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi, pale utando unapoyaruhusu kupita. Kufikia hapo umeshapita katika biokemia na elimu ya seli bila kubadilisha mada. Ukiendelea hadi homoni ya vasopresini, inayoifanya figo irudishe maji zaidi katika damu, utaelewa kwa nini mkojo wa mtu aliyepungukiwa maji huwa kidogo na mzito. Ukifika kwenye furosemidi, dawa inayozuia usafirishaji wa sodiamu, potasiamu na kloridi katika sehemu nene ya kitanzi cha Henle (kipande cha nefroni kilichojipinda), utaweza kueleza kwa nini mgonjwa anayeitumia hupimwa kiwango cha potasiamu katika damu, hata kama hakuna aliyekufundisha sentensi hiyo.

Baada ya kila mhadhara, funga daftari, chukua karatasi tupu na uchore mnyororo huo kwa kumbukumbu, mishale ikionyesha kinachoongezeka na kinachopungua. Kisha fungua daftari na usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Zoezi hili halipendezi, kwa sababu linafichua mapengo ambayo kusoma tena na tena huyafunika. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 majaribio ambamo wanafunzi waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima bila kitabu ndio waliowashinda. Mtihani wa muhula hauji baada ya dakika tano.

Anatomia ina sehemu yake ya kukariri tu, na hapo dawa ni kurudia kidogo kidogo kila siku, ukishika mfupa au modeli mkononi badala ya kutazama picha pekee.

Maabara nayo isichukuliwe kama nyongeza ya mihadhara. Kwa zaidi ya miaka 30 ilikubalika kwamba binadamu ana kromosomu 48, mpaka wanasayansi Joe Hin Tjio na Albert Levan walipochapisha hesabu ya 46 mwaka 1956, wakiwa na maandalizi bora zaidi ya seli, yaliyozitenganisha kromosomu zisilaliane chini ya hadubini. Ukweli ulitegemea ustadi wa mikono. Kwa hiyo jifunze kutumia pipeti, kifaa cha kupima na kuhamisha kimiminika kidogo, kwa uangalifu: bonyeza kitufe chake hadi kituo cha kwanza ncha ikiwa bado nje ya kimiminika, itumbukize milimita chache tu, achia polepole, kisha kagua kama kuna kiputo cha hewa. Ukibonyeza hadi kituo cha pili kabla ya kuvuta, utachukua zaidi ya ulichokusudia, na kosa hilo litaonekana baadaye kwenye grafu yako kana kwamba ni tabia ya kimeng'enya. Andika katika daftari la maabara papo hapo, pamoja na matokeo usiyoyatarajia.

Takwimu zianze mwaka wa kwanza. Swali la msingi ni nini hasa kimehesabiwa: seli 100 kutoka kwa mtu mmoja si sawa na seli moja moja kutoka kwa watu 100, ingawa jedwali linaweza kuonyesha 100 katika hali zote mbili. Unaposoma makala ya utafiti, anza na michoro na majedwali, uandike hitimisho lako, ndipo usome la waandishi. Mkitofautiana, rudi kwenye sehemu ya mbinu.

Mazoea haya yote yatahitajika katika mradi wa mwaka wa mwisho. Kabla ya kuchagua mada, muulize msimamizi mambo matatu: nani atakuelekeza maabara siku hadi siku, ni mbinu ipi tayari inafanya kazi humo, na utaandika nini iwapo jaribio kuu halitaleta matokeo. Mada yenye jina la kuvutia isiyo na majibu ya maswali hayo, iache.