Somo: Transmission kwenye laptop ya zamani, unaiendesha kwa simu

Wadau habari za mchana. Wengi torrent (kushusha mafaili kwa vipande kutoka kwa watumiaji wenzako) wanaijua kama programu moja tu, unafungua unashusha unafunga, laptop ikizimwa kazi imesimama. Transmission, programu ya torrent, inagawanyika mara mbili: seva inabaki kwenye mashine moja inashusha usiku kucha, klienti iko kwenye simu inatoa amri tu. Yangu iko hapa Sinza, laptop ya Debian (aina ya Linux) iliyopasuka kioo, imekaa juu ya kabati pembeni ya rauta.

Hatua ya 1. Kwenye seva andika sudo apt install transmission-daemon. Ikimaliza inawaka yenyewe, na hapa ndo wengi wanaharibu. Isimamishe kwanza, sudo systemctl stop transmission-daemon, ndo uguse faili la /etc/transmission-daemon/settings.json, maana ukiliedit huku inawaka, ikija kuzima inaandika mipangilio yake ya zamani juu ya yako na yote uliyofanya imekula kwako.

Hatua ya 2. Humo badili rpc-password, yaani paswedi ya kuingilia kutoka kwenye simu, ile iliyokuja nayo kila mtu anaijua. Ukiwasha utaikuta imegeuka herufi za ajabu, usiogope, imefichwa. Kwenye rpc-whitelist, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuingia, ongeza mtandao wa nyumbani, mfano 192.168.1.*, halafu sudo systemctl start transmission-daemon.

Hatua ya 3. Kwenye simu weka Tremotesf, app ya Android ya kuiamuru Transmission, jaza IP (anwani) ya seva, poti 9091, jina (rpc-username iliyomo kwenye faili) na paswedi. Jaribu na torrent ya ISO (faili la kusakinishia) ya Debian, ni halali kabisa.

Swali: Mkuu mbona bando linaisha mbio na nimeshusha kidogo tu?
Jibu: Torrent inapokea na inatoa, bando linahesabu vyote. Kwenye settings.json, ukiwa umeisimamisha kama hatua ya 1, weka speed-limit-up iwe 20 (KB kwa sekunde) na speed-limit-up-enabled iwe true. Usiizibe kabisa ndugu yangu, wenzako nao wanategemea vipande vyako.

Swali: Nataka mchana iende polepole ofisini watu wafanye kazi.
Jibu: alt-speed-time-enabled iwe true. Muda unahesabiwa kwa dakika kuanzia saa sita usiku, kwahiyo kuanza (alt-speed-time-begin) saa tatu asubuhi ni 540, kumaliza (alt-speed-time-end) saa kumi na moja jioni ni 1020.

Swali: Nikiwa Posta naifikiaje ya nyumbani?
Jibu: Usiifungue 9091 kwa dunia nzima, tafadhali sana. Weka Tailscale, inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa siri, kwenye seva na kwenye simu, halafu whitelist uongeze 100.*.*.* la sivyo itakukatalia.