Ukijaribu kivinjari kipya, kipime na Firefox pia

Ukijaribu kivinjari usichokizoea, tuseme Brave au Vivaldi, usikilinganishe na Chrome peke yake. Vyote vimejengwa juu ya Chromium, msingi wa programu ambao Chrome nayo inautumia, Edge na Opera vilevile, kwa hiyo kurasa zitafunguka karibu sawasawa. Weka na Firefox pembeni, yenye injini yake ya kuonyesha kurasa, Gecko, ndipo utaona tofauti. Anza na tovuti zako sumbufu, hasa ya benki. Mwenye bando dogo atapenda Opera Mini, inayobana kurasa kwenye seva kabla hazijafika kwenye simu, ingawa fomu nyingine huigomea. Firefox ya Android inakubali uBlock Origin, kiongezo cha kuzuia matangazo. Kwangu mimi hiyo tu inatosha. Nywila usizihamishe mapema, na kivinjari cha zamani usikifute bado.