Shusha besi kwanza ndio uongeze geni

Hii nimeipata kwa mazoezi ya gitaa hapa Kondele, Kisumu, na imenisaidia sana. Kama ampu yako ya gitaa ni ya vali (zile taa za kioo zinazokuza sauti) na kila ukiongeza geni, yaani nobu ya kusukuma vali hadi sauti ichafuke, inakwaruza kama spika imepasuka, wacha trebo kwanza, shusha besi hadi 2 au 3 halafu ndio upandishe geni polepole. Noti nzito ndizo zina nguvu nyingi, zikiingia zinaijaza vali mapema na zile nyuzi nyembamba zinakosa nafasi, unasikia zikikatika-katika kila ukigusa uzi wa sita. Besi ikipungua vali inajaa taratibu na ile ovadraivu, yaani uchafu mtamu wa sauti, inakuwa laini, noti inavuta badala ya kupasuka. Kwa benga hata hutaikosa hiyo besi, solo inakaa juu na mpiga besi yuko hapo kando anafanya kazi yake.

Lakini cheki ampu ni ya aina gani. Ampu nyingi za zamani za Fender, nobu za toni (besi na trebo) ziko kati ya vali moja na nyingine, kwa hivyo besi inatoka kabla sauti haijachafuka. Marshall nyingi toni inakuja baada ya geni, hapo ukishusha besi sauti inakonda tu na uchafu unabaki palepale. Ya hivyo weka pedali ya ovadraivu kama Tube Screamer kati ya gitaa na ampu, draivu karibu na sifuri, levo (sauti ya pedali) juu, hiyo inakata besi yenyewe. Na kwa ampu ya transista usitarajie mengi, ile ikifika mwisho wa nguvu yake inakwaruza ghafla.