Somo: Intaneti ya nyumbani inasuasua? Pima kwanza, ndipo upige simu

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi si mtu wa mitambo, ni mteja kama nyie. Naishi Tabata, nafanya kazi za hesabu nikiwa nyumbani, nalipia faiba ya Mbps 20. Mwaka jana nilipiga simu huduma kwa wateja mara sita ndani ya mwezi mmoja, na mara zote sita nikaambiwa lilelile: "Zima ruta, subiri dakika tano, washa." Jina la kampuni silitaji, maana nilikuja kugundua nusu ya kosa ilikuwa sebuleni kwangu na nusu nyingine ilikuwa juu ya nguzo. Ukali wangu kwenye simu haukumleta fundi hata mmoja. Aliyemleta ni daftari la shule la mwanangu, lile la kurasa 40, nililokuwa naandika vipimo kila siku.

Tuanze.

1. Jua ulichonunua

Kampuni inauza kwa megabiti, simu yako inapakua kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo Mbps 20 ikiwa timamu kabisa itakupa MB 2.5 kwa sekunde, na filamu ya GB 1 itachukua kama dakika saba. Nimeona watu wakigombana na wakala kwa sababu "nimelipia 20 napata 2". Ndugu, hiyo 2 ndiyo 20 yako.

Halafu soma mkataba utafute neno "hadi". Kasi ya hadi Mbps 20. Hilo neno la herufi nne ndilo watakaloegemea siku ukilalamika. Angalia pia kama kuna kipengele cha matumizi ya haki: ukishapakua kiasi fulani ndani ya mwezi, kasi inashushwa makusudi. Kama intaneti yako ni nzuri kuanzia tarehe 1 na inakufa kila ikifika tarehe 20, jibu liko humo.

2. Tenganisha waifai na laini

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Waifai ni kitu kimoja, laini inayoingia nyumbani ni kingine. Ukipima kwa simu ukiwa chumbani umepima vyote viwili pamoja, na hujui nani mkosaji.

Tafuta waya wa LAN, unganisha kompyuta moja kwa moja kwenye ruta, zima waifai ya kompyuta, ndipo upime. Waya ukienda kununua Kariakoo sema unataka wa shaba tupu, kwa sababu kuna nyingi za aluminiamu iliyopakwa shaba na zinakatika ndani bila wewe kujua. Kama huna kompyuta, kaa na simu mita moja kutoka kwenye ruta, waambie wengine wote wakate kwa dakika mbili. Watoto watalia. Wavumilie.

Kwa waya nilipata 18. Chumbani nilikuwa napata 3. Ruta yangu ilikuwa chini, nyuma ya televisheni, ubavuni mwa friji, na kati yake na chumba cha kazi kuna kuta mbili za tofali la inchi sita. Fundi aliyeifunga aliiweka hapo kwa sababu ndipo waya ulipoishia, na mimi kwa miaka miwili sikuwahi kujiuliza. Niliipandisha juu ya kabati la koridoni, kazi ya nusu saa, chumbani nikapata 14.

Ruta nyingi sasa zinatoa waifai mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Ya 2.4 inafika mbali lakini inabanana na za majirani. Ya 5 ina kasi ila ukuta unaichosha haraka. Kwa waliopanga kwenye maghorofa ya Sinza au Kijitonyama, ambako ukifungua simu unaona majina ya waifai ishirini na kitu, tumieni ya 5 kwa vifaa vya karibu. Kama ni lazima 2.4, ingia kwenye mipangilio ya ruta uchague chaneli ya 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaibana sana. Anwani ya kuingilia, ile unayoandika kwenye kivinjari, imebandikwa chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1.

Ukiwa humohumo, angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mimi nilikuta vifaa kumi na tano. Kwangu vipo nane. Nywila ilishafika hadi kwa kijana wa duka la jirani, na namjua aliyempa, ananiita baba.

3. Pima, na ujue unapima nini

Programu za kupima kasi huchagua seva (kompyuta ya kupimia) iliyo karibu nawe, yaani hapahapa Dar. Mara nyingine seva hiyo iko ndani ya kampuni yako yenyewe. Matokeo yanakuja mazuri, unaona aibu kulalamika, ilhali mkutano wa video bado unaganda. Umepima barabara ya kutoka nyumbani hadi Posta, wakati mzigo wako unatoka ng'ambo. Pima mara mbili: ya kwanza seva ya Dar, ya pili badilisha mwenyewe uchague Johannesburg au London. Dar ikiwa 19 na Johannesburg ikiwa 3, laini yako ni nzima. Kinachobana ni njia ya kampuni kwenda nje.

Njia hiyo yenyewe kwa sehemu kubwa inapita chini ya bahari. Kebo ya SEACOM ilifika Dar mwaka 2009, ya EASSy ikaja 2010. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilikatika, na mtakumbuka jinsi mji mzima ulivyokuwa unahangaika hata kutuma picha. Siku kama hiyo usimsumbue dada wa watu wa huduma kwa wateja. Uliza kwanza jirani anayetumia kampuni nyingine: naye akiwa amekwama, pumzika.

Baada ya kasi, pima pingi, yaani unatuma ujumbe mdogo uone kama unarudi na baada ya muda gani. Kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt uandike:

ping -n 20 192.168.1.1

Hiyo ni kutoka kwako hadi kwenye ruta. Kwa waya inatakiwa iwe milisekunde (ms) 1 au 2 na isipotee hata moja. Kisha:

ping -n 20 8.8.8.8

Hiyo inatoka nje, hadi kwenye seva ya Google. Angalia zaidi zilizopotea kuliko zilizochelewa. Ya ruta ikiwa safi na ya nje inapoteza, una ushahidi kwamba tatizo limeanza baada ya mlango wako.

Fanya hivi asubuhi saa 12, mchana, na usiku saa 3, kwa siku saba. Usiku wa saa 1 hadi saa 5 kila mtu yuko nyumbani, kwa hiyo kushuka kidogo ni kawaida. Kushuka kutoka 18 hadi 2 si kawaida, hapo kampuni imeuza kuliko ilichonacho. Ukurasa mmoja wa daftari langu ulikuwa hivi:

"Jumanne saa 8:40 mchana. Mvua na upepo. Waya. Dar: 6. Johannesburg: 5. Pingi ya ruta safi. Pingi ya nje: 7 kati ya 20 zimepotea. Taa ya LOS imewaka nyekundu mara mbili, kama sekunde kumi kila mara."

4. Zisome taa

Kwa wa faiba, taa mbili tu zinakuhusu. PON ikitulia kijani, mwanga unafika. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki au umekatika, na hapo kuzima na kuwasha ni kujichosha. Angalia tu kama ule waya mwembamba wa njano au mweupe haujakunjwa na kochi. Usiuchomoe, na usichungulie ncha yake, mwanga wake hauonekani ila jicho linaumia.

5. Sasa piga simu

Ukipigiwa wimbo wa kusubiri usipoteze hasira zako zote humo. Akipokea, mwambie kwa mpangilio: "Nimepima kwa waya, si waifai. Nimeshazima na kuwasha. Pingi ya ruta haipotezi, ya nje inapoteza 7 kati ya 20. LOS iliwaka Jumanne saa 8:40 na Alhamisi saa 4. Naomba namba ya tiketi." Ukishasema hivyo karatasi yake ya maswali imekwisha, inabidi akupandishe kwa watu wa ufundi.

Tiketi ni lalamiko lako likishaandikishwa kwao. Bila namba yake hujalalamika, umepiga soga. Iandike na tarehe, kisha maelezo yaleyale yatume kwa barua pepe ukiambatanisha picha za vipimo. Simu hawaikumbuki, barua pepe inabaki. Ukipata ujumbe kwamba "tatizo lako limetatuliwa" na halijatatuliwa, jibu siku hiyohiyo kwamba unakataa tiketi kufungwa.

Kwangu fundi alikuja siku ya tatu. Akapima nguvu ya mwanga kwa kipimo cha dBm, akapata -29 (namba ikikaribia sifuri, mwanga una nguvu zaidi). Aliniambia ruta nyingi za faiba huanza kuhangaika ukishuka chini ya -27. Akapanda nguzo, akakuta kiunganishi kimeingia maji na waya umekunjwa kama kamba ya viatu. Alipomaliza ikasoma -21. Mwambie fundi akuonyeshe namba kabla na baada, uiandike. Akikuomba "ya maji" hiyo ni hiari yako, lakini matengenezo ya laini yao nje ya nyumba yako hupaswi kuyalipia.

Dai pia siku zako. Kama ulikaa siku tisa bila huduma, omba kwa maandishi siku tisa ziongezwe kwenye kifurushi. Mimi nilipewa sita. Nisingeomba nisingepata hata moja.

6. Wakikupuuza

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inapokea malalamiko, ila sharti uwe umeanza kwa kampuni yako. Ndiyo maana ya tiketi na barua pepe zile. Ofisi zake Dar ziko Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusimamia maslahi yetu sisi watumiaji na kutuelekeza. Peleka nakala ya mkataba, risiti, tiketi na daftari. Binafsi sikufika huko. Nilipoandika kwenye barua pepe ya mwisho kwamba nakala itaenda TCRA, nilipigiwa simu kabla ya adhuhuri.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kigamboni: Mkuu, huku faiba haijafika, natumia ruta ya laini ya simu. Mchana inakimbia, saa 2 usiku inakufa kabisa. Daftari litanisaidia?

Jibu: Litakusaidia kujua tu kama uhame. Ingia kwenye mipangilio ya ruta utafute RSRP, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara. Ikiwa kama -85, mnara unakufikia vizuri. Ikiwa -110, uko mbali au ukuta umekuziba. Sogeza ruta dirishani upande wa mnara, mbali na nondo na bati. Kama RSRP ni nzuri mchana na usiku lakini kasi inakufa usiku tu, mnara umeelemewa na watu. Azima laini ya mtandao mwingine, ipime kwenye simu hapohapo dirishani saa 3 usiku.

Mdau wa Mbezi: Umeme ukikatika ruta yangu inabaki hewani kwa ile UPS ndogo, lakini intaneti inapotea baada ya kama saa moja. UPS ni mbovu?

Jibu: Kama taa za ruta zinawaka, UPS imefanya kazi yake. Mitambo ya kampuni huko mbele nayo inahitaji umeme, na betri zao zikiisha mnazima mtaa mzima. Andika saa umeme ulipokatika na saa intaneti ilipopotea. Muda ukiwa uleule kila mara, hilo ni la kuwaandikia wao, wabadilishe betri.

Mdau wa Sinza: Mwenye nyumba ametugawia waifai wapangaji sita, kila mmoja anamlipa elfu kumi na tano. Nikilalamika anasema "kwangu iko vizuri".

Jibu: Kwake iko vizuri kwa sababu ruta iko kwake. Mkataba una jina lake, kwa hiyo kampuni haitakusikiliza wewe. Muulize kwa heshima kifurushi ni cha Mbps ngapi. Kama ni 10, mnagawana watu sita na familia yake. Piga hesabu, elfu kumi na tano mara sita ni elfu tisini. Kaeni wapangaji mfungiwe ya kwenu, ruta iwe koridoni.

Mdau wa Ubungo: Nimesikia ukibadilisha DNS ukaweka 1.1.1.1 kasi inaongezeka. Kweli?

Jibu: DNS ni kama kitabu cha anwani za tovuti. Kurasa zinaweza kuanza kufunguka upesi kidogo, lakini kupakua kutabaki vilevile. Ni kama kupata namba ya nyumba haraka. Foleni ya njiani iko palepale.

Mdau wa Gongo la Mboto: Sisi greda la barabara lilikata waya. Tuliambiwa siku tatu, leo ya kumi. Nimeshalipia mwezi.

Jibu: Kosa la greda si lao, lakini huduma uliyolipia ni yao. Wakusanye majirani wa nguzo hiyohiyo, kila mmoja afungue tiketi yake, siku moja. Tiketi kumi na mbili za mtaa mmoja haziachwi kirahisi kama moja. Na daini siku kumi zote.

Mdau wa Kigamboni: Nimerudi, mkuu. RSRP ni -84, usiku napata 2. Nimeazima laini ya shemeji, mtandao mwingine, dirisha lilelile saa 3 usiku nimepata 13. Tatizo ruta yangu imefungwa, haikubali laini nyingine.

Jibu: Basi jibu unalo. Kabla hujanunua nyingine, angalia kwenye mkataba kama ruta ni yako au ni ya kampuni. Ikiwa ni yao, irudishe na udai risiti ya kuirudisha, usije ukadaiwa baada ya miezi sita.