Kabla uuze ama ununue koini ya mkoloni, pitia hizi hatua

Mimi hukusanya koini hapa Kisumu. Nyingi nazitoa kwa meza za vyuma kuukuu pale soko la Kibuye Jumapili, zingine kwa akina mama ambao mzee aliwaachia mkebe, na swali ni lile lile kila siku, hii ni ya zamani sana, inaenda ngapi? Sasa wacha niwaonyeshe vile mimi huangalia kabla nitaje bei.

Hatua ya 1: Usianze na umri

Juzi mama mmoja alinifungulia mkebe wa Kimbo, ndani kuna peni za shimo (zile senti kumi za zamani) zimefungwa na kamba ya mkonge, kama arobaini hivi. Akatoa moja ya 1936 akaniambia, mwanangu, hii ni ya yule mfalme aliyeacha kiti, nimeambiwa ni laki. Ni kweli jina lililoandikwa ni la Edward VIII, alitawala kutoka Januari mpaka Desemba 1936 tu, na kule Uingereza kwenyewe pesa yake haikuwahi kutumika madukani. Lakini huku kwetu peni na ndururu (senti tano) hazikuwa na sura ya mfalme, ni jina na taji tu, kwa hivyo zilikuwa zimeshatengenezwa mamilioni kabla ajiuzulu. Nilimwambia ukweli, mama hii ni nzuri na ina hadithi, lakini ziko tele. Ni afadhali asikie kwangu kuliko asafiri na ndoto ya laki mpaka Nairobi.

Hata ile ya 40 bob ya 2003, ya miaka 40 ya uhuru, iko na sura ya Kibaki. Watu wanaambiana ni mamilioni ya pesa na bado ziko kwa madroo za watu wengi. Na mtu akikupigia akisema atainunua lakini utume kwanza pesa ya usajili, kata simu.

Hatua ya 2: Soma kila herufi

Tafuta lenzi, hata kamera ya simu ukizoom inatosha. Angalia karibu na mwaka kama kuna herufi ndogo: zinaonyesha kiwanda kilichotengeneza koini, H na KN ni viwanda vya Birmingham, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Mwaka mmoja unaweza kuwa na viwanda viwili ama vitatu, kimoja kikatoa nyingi na kingine kidogo, kwa hivyo koini mbili za mwaka mmoja zinaweza kuachana bei mbali sana juu ya hako kaherufi tu. Andika mwaka na herufi ndo ufungue katalogi (kitabu cha orodha ya koini), usikadirie.

Hatua ya 3: Uliza zimebaki ngapi

Hapa ndo wengi huteleza manake wanasoma zilitengenezwa ngapi wanaishia hapo. Chukua florini ya 1920. Serikali ya mkoloni iliondoa rupia ikaleta florini, mwaka uliofuata 1921 ikabadilisha tena ikaleta shilingi, florini moja ikawa shilingi mbili, na florini nyingi zikarudishwa zikayeyushwa. Katalogi inaweza kukuonyesha mamilioni na mkononi usipate hata moja. Mimi Kibuye sijawahi kuona florini, na nimeenda huko miaka.

Hatua ya 4: Hali yake, na tafadhali usioshe

Chukua shilingi ya simba, iinamishe kwa mwanga wa dirisha. Angalia manyoya ya shingo ya simba na milima iliyo nyuma, hapo ndo panakwisha kwanza. Kama nywele bado zinahesabika umepata kitu, kama simba amekuwa laini kama sabuni iliyotumika basi ni ya kawaida hata mwaka ukiwa mzuri.

Nilipoanza nilikuwa na moja nzuri imeshika weusi, nikaisugua na jivu na ndimu mpaka ikang'aa, nikafurahi kweli. Mnunuzi aliigeuza mara moja akaona mikwaruzo midogo imezunguka uso wote, akanipa robo ya bei tuliyokuwa tumeongea. Bado inaniuma. Ule weusi ulikuwa umechukua miaka kujijenga na haurudi. Ikiwa na matope iloweke kwa maji safi, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini, basi.

Hatua ya 5: Pima

Shilingi za 1921 mpaka 1946 zina robo fedha, yaani silver, uzito kama gramu 7.78. Kamzani kadogo ka dijitali kanatosha. Sumaku ikiishika, iache, hiyo si ya fedha. Kutoka 1948 hazina fedha tena, kwa hivyo usilipe bei ya fedha.

Hatua ya 6: Ukiamua kukaa nayo

Ningenunua moja safi kuliko kumi zilizochoka, hata kama nitangoja miezi. Hapa kwetu ziwa linaleta unyevu, kwa hivyo kila koini naiweka kwa bahasha yake ya karatasi, ndani ya mkebe wenye vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Plastiki laini za PVC ziepuke, baada ya muda zinaacha utelezi wa kijani unaokula chuma. Shika kwa ukingo, na juu ya bahasha andika mwaka, herufi, uzito, ulinunua ngapi na kwa nani, manake siku ya kuuza mnunuzi atakuuliza hayo yote.