Kutumia moduli ndogo ya cheche za umeme bila kuiunguza

Moduli hizi hupandisha volti za betri hadi cheche iruke kati ya waya mbili. Kwa kawaida ni silinda nyeusi inayoenea kiganjani, na huuzwa mtandaoni zikiwa zimeandikwa volti 400,000 au hata 1,000,000, na tarakimu hizo hazifai kuaminiwa. Hewa kavu huhimili takriban volti 3,000 kwa kila milimita kabla cheche haijaruka, na pungufu ya hapo iwapo waya zina ncha kali. Kwa hiyo cheche ya sentimita 1 inaashiria volti 30,000 au chini yake, ilhali volti milioni moja zingeruka zaidi ya sentimita 30.

Ndani yake mna transista (swichi ya kielektroniki) inayokata na kurudisha mkondo wa betri mara maelfu kwa sekunde, kwa sababu transfoma, yaani koili za waya zinazopandisha volti, haifanyi kazi kwa mkondo usiobadilika. Volti zinapopanda, ampea hupungua upande wa kutolea, lakini upande wa betri mzigo ni mkubwa: moduli ya volti 3.7 inayovuta ampea 3 inakula wati 11 hivi. Betri za rimoti hulegea papo hapo. Tumia seli ya litiamu yenye uwezo wa kutoa mkondo huo.

Kabla ya kuunganisha betri, kaza waya mbili za kutolea umeme juu ya kipande cha plastiki, ncha zake zikitazamana kwa umbali wa milimita 5. Hatua hii ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo inayoua moduli nyingi: ncha zikiwa mbali mno, umeme usiopata njia hewani huitafuta ndani ya koili, hutoboa kihami cha waya (ganda linalozuia umeme), na kwa kuwa kila kitu kimezamishwa katika epoksi (gundi iliyoganda ikawa ngumu), hakuna fundi atakayeifungua aitengeneze. Epoksi hiyohiyo huzuia joto kutoka, hivyo washa kwa sekunde chache tu, kisha uiache ipoe.

Usipime volteji yake kwa multimita ya kawaida, ambayo kikomo chake huwa volti 600 au 1,000. Usiiwashe karibu na petroli, gesi inayovuja, au mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Ukimaliza, ondoa betri kwanza, kisha gusanisha ncha hizo mbili kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, kwa kuwa huenda kapasita ya ndani bado ina chaji.