Dereva akikugonga kwenye maegesho halafu akawa mkali

Piga picha namba za gari lake kabla hujamsalimia. Najua sisi wa Mbeya salamu ndiyo inatangulia. Lakini siku niliyogongwa nje ya soko la Mwanjelwa nilianza na "shikamoo baba", na mzee yule akaitumia nafasi hiyo kuingia garini na kuondoka. Nilibaki na tarakimu mbili kichwani, taa ya nyuma ya IST yangu ikiwa vipande chini.

Mara ya pili ilikuwa Kabwe, mvua ya Machi inanyesha. Kwanza nilipiga picha magari yote mawili yalivyokaa, namba zikisomeka na kibao cha duka kikionekana nyuma. Kisha nikasogea karibu: bampa, mkwaruzo, na rangi ya gari lake iliyobaki mlangoni kwangu. Wahi hiyo rangi, maana matope huifuta.

Jamaa alikuwa amerudi rivasi bila kutazama. Akashuka anafoka: "Mama, umepaki vibaya! Unanijua mimi?" Usimjibu swali hilo. Mkianza kubishana nani ana kosa, watu watajaa, nawe utajikuta unasema "labda kweli niliegesha vibaya" ili yaishe tu. Neno hilo litakurudia. Mimi nilisema: "Kaka, sigombani. Naomba jina, namba ya simu na leseni niipige picha. Yangu hii hapa." Akakataa. Akikataa, usimnyang'anye ufunguo wala usisimame mbele ya gari lake. Taa inauzwa dukani, mguu hauuzwi.

Mgeukie aliyeona. Mlinzi wa pale alikuwa ameona kila kitu, nikachukua namba yake ya simu hapohapo, kwa sababu ukirudi kesho utamkuta wa zamu nyingine. Halafu ingiza namba ya gari lake kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, utaona kama lina bima na ya kampuni gani. Hata bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, hulipa uharibifu aliomfanyia mwingine, ila kampuni itataka ripoti ya polisi. Kwa hiyo piga 112 au mwite trafiki aliye jirani, aje apime. Ukisikia shingo inauma, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, uende hospitali siku hiyohiyo.

Alipoona trafiki anakuja, sauti ikashuka. Akatoa elfu ishirini. Usipokee fedha kabla fundi hajasema bei! Nilimpigia fundi wangu wa bodi, nikamtumia picha; kunyoosha mlango na kupiga rangi akataja laki moja na elfu thelathini. Tukaandika kwenye karatasi: tarehe, namba za magari yote mawili, kwamba yeye ndiye aliyegonga, na kiasi. Mlinzi akatia sahihi kama shahidi. Jamaa akataka alipe nusu, nyingine "kesho mama". Nikamwambia yote sasa, kwa simu, ili ujumbe ubaki. Ulipoingia nikaangalia salio kwanza, ndipo nikasaini.